Fundi Andongwisye na Ukurasa Uliochanwa

Kule Kyimo hakuna asiyekijua kikohozi cha Andongwisye. Si cha ugonjwa, maana mapafu yake ni mazima kuliko ya vijana wengi wanaoshinda vijiweni pale barabarani. Ni kikohozi cha taarifa. Anakohoa kabla hajakata kona ya shamba la chai, anakohoa tena kabla hajaingia uwanjani kwake, ili mkamwana wake Tumpe, mke wa mwanawe Lugano, kama yuko karibu, apate nafasi ya kupisha. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa kwa mila za zamani hamtazami baba mkwe, "tata" kwa lugha yao, usoni, hasemi naye, wala haketi naye chumba kimoja. Wengi wameiacha mila hiyo na wengine wanaicheka. Tumpe hakuiacha. Miaka minane tangu aolewe, Andongwisye hakuwa amewahi kuisikia sauti yake ila kwa mbali, akiita kuku.

Sasa ajabu ni kwamba watu hawa wawili walifanya kazi kwenye meli moja, tena kwenye chumba kimoja cha injini. Andongwisye alikuwa fundi mkuu wa meli ya matembezi iliyozungusha watalii na wananchi wenye nafasi zao Ziwa Nyasa, siku tano kwenda na kurudi, kutoka Kyela mpaka Mbamba Bay. Tumpe alisomea ufundi mitambo, akaomba kazi, akapata. Kampuni haikumuuliza ni mke wa nani.

Mzee alivimba kichwa kwa fahari, halafu akakuna kichwa hicho hicho. Mwishowe akapanga zamu. Tumpe akague mitambo alfajiri, yeye aanze kukishapambazuka. Akifika juu ya ngazi anakohoa, Tumpe anafuta mikono na kutokea mlango wa nyuma. Yote aliyoyaona anayaandika kwenye daftari lililoning'inia kwenye msumari, na baba mkwe anasoma. Mabaharia walicheka mpaka wakachoka. Lakini mambo yalikwenda, na daftari lile lilikuwa safi kuliko la meli yoyote ziwani.

Hata ile asubuhi lilikuwa safi. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kulala kidogo kulia: "Mafuta ya giaboksi ya kushoto yana chenga za chuma. Naomba tusiondoke mpaka ifunguliwe. Tumpe."

Andongwisye alisoma mara mbili. Chenga za chuma kwenye mafuta maana yake beringi inajitafuna, na beringi ikiisha giaboksi inakwama, na ikikwama pangaboi linaloisukuma meli halizunguki. Hilo alilijua kabla Tumpe hajazaliwa. Alijua na lingine. Wiki mbili nyuma alitia sahihi kwamba ameifungua giaboksi ile na kuikuta nzima, na hakuwa ameifungua. Siku ile ilikuwa siku ya lori la chai kupita Kyimo. Majani yalikuwa yameiva na wachumaji hawakutosha, akaenda kuchuma, akisema moyoni ataifungua safari ijayo. Safari ijayo akasahau. Sasa abiria walikuwa wanapanda, na yeye alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu akiwa na jina lake.

Akauchana ukurasa, akaukunja, akautia mfuko wa ovaroli. Akapanda kwa nahodha na kumwambia mambo ni shwari. Tumpe alipoona meli inaondoka aliamini mkubwa wake amesoma na kuamua.

Walipita Matema, wakapita Lupingu, wakalala Manda. Siku ya pili, baada ya kuiacha Manda, chini kulilia kama mtu anasaga mawe, halafu pangaboi la kushoto likasimama. Meli ikabaki na moja, ikawa inakwenda upande upande huku upepo ukiisukuma kuelekea kwenye miamba. Nahodha hakubahatisha. Alitangaza kwamba safari imekatishwa, Liuli haitafikiwa, Mbamba Bay haitafikiwa, meli inarudi Kyela pole pole. Wazungu walinung'unika juu ya ndege zao na hoteli walizokwisha kulipia. Wakaambiwa watarudishiwa nusu ya nauli, wakatulia.

Mwalimu Veronika hakutulia. Huyu ni mtu wa Liuli aliyefundisha Tukuyu miaka thelathini mpaka akastaafia pale Ibighi. Mgongo wake hauwezi tena barabara ya milima, ndiyo maana alichagua meli, akamwone dada yake aliyekuwa hoi kitandani. Alisimama ubavuni mwa meli akiitazama milima ya kwao ikigeuka na kurudi nyuma. Hakupiga kelele. Alimuuliza Andongwisye swali moja tu, "Fundi, hakuna namna?" Akajibiwa hakuna. Dada yake alizikwa siku nne baadaye.

Uchunguzi ulifanyika ofisi ya kampuni, Tukuyu mjini. Meneja Prosper, mtu wa Moshi asiyejua mila za Wanyakyusa, muungwana na mwenye haraka, aliwaweka wote wawili chumba kimoja, viti vikitazamana. Tumpe alipoingia na kumwona baba mkwe, aligeuza kiti kikaelekea ukutani, akajitanda khanga mpaka usoni, akakaa.

"Fundi, uliarifiwa lolote asubuhi ile?" Prosper aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia neno," Andongwisye akajibu.

Na ilikuwa kweli, maana Tumpe hakuwa amewahi kumwambia neno maishani.

"Tumpe, ulikagua giaboksi?"

Kimya.

"Daftari halina kitu siku hiyo. Una la kujitetea?"

Kimya. Prosper aliona mtu mwenye hatia aliyekosa la kusema. Andongwisye aliona kitu kingine kabisa, na alijua dawa yake ilikuwa hatua nne, mpaka mlangoni. Angetoka, Tumpe angesema. Hakutoka. Miguu yake ilikuwa mizima na hakutoka. Tumpe akafukuzwa kazi kwa uzembe.

Tangu hapo mzee hakupata raha. Alistaafu mapema, akawaambia watu mgongo unamsumbua. Alipalilia migomba ambayo haikuwa na jani la kupalilia. Tumpe alianza kupika vitumbua Ibighi, na kila Jumamosi alipanda Kyimo kumsaidia mama mkwe, jina lake Bupe. Wakikutana njiani aliruka pembeni kwenye matope, akachuchumaa na kugeuza uso mpaka baba mkwe apite. Heshima ile ile, haikupungua hata kidogo. Ndiyo iliyomla. Angalau angemtukana! Angalau angemwambia Lugano! Andongwisye alianza kupita vichakani ili wasikutane, mtu mzima anajificha kwenye migomba yake mwenyewe kama mwizi wa ndizi, na mwizi kweli alikuwa, tena wa jina la mtu.

Jumapili moja Mwalimu Veronika alimshika mkono nje ya kanisa.

"Ndaga, fundi," alimsalimu. "Nina ujumbe, naomba unifikishie. Mwambie yule mkweo nimemsamehe. Mwanzoni nilimchukia sana, kwa nini hakukagua, nisimwone dada yangu. Lakini ni binti mdogo. Nimemsamehe."

Andongwisye alifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Alirudi nyumbani bila kuaga. Mama Bupe alimkuta chumbani ameishika ile ovaroli ya zamani, analia.

"Baba Lugano, una nini?"

Akamwonyesha ukurasa. Mama Bupe aliusoma kwa taabu, neno kwa neno, akaketi kitandani.

"Binti wa watu anakanyaga matope kwa ajili yako," alisema mwishowe, "na wewe unayo hii mfukoni?"

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Prosper kabla hapajafunguliwa. Akaweka ukurasa mezani, akasema yote: sahihi ya uongo, lori la chai, na kuuchana ukurasa. Prosper alivua miwani.

"Mzee, unajua hili litakufikisha wapi?"

"Najua. Ila kwanza mrudishe yule."

"Lazima nimsikie mwenyewe. Maneno yenu yakilingana, kazi yake ipo."

Tumpe akaitwa kwa simu, akaja na unga wa vitumbua bado mikononi. Alipomwona baba mkwe alianza kugeuka ukutani kama siku ile. Safari hii Andongwisye alisimama upesi, akachukua kofia na kutoka, akafunga mlango nyuma yake.

Mvua ya Tukuyu ilikuwa imeanza. Alijibanza ukutani chini ya dirisha lililokuwa wazi. Kikohozi kikampanda kooni, akakibana kwa kiganja, Tumpe asije akajua yuko pale. Akaisikia sauti ya mkamwana wake, nzito kidogo, isiyo na haraka, ikieleza chenga za chuma, rangi ya mafuta, na saa aliyoandika. Neno kwa neno ilikuwa ile karatasi. Alikuwa fundi, yule mtoto. Fundi kumshinda yeye.

"Sasa Tumpe," Prosper aliuliza, "yote haya ulikuwa nayo. Mbona siku ile hukusema kitu?"

Tumpe akajibu kwa sauti ile ile.

"Nilikuwa nasubiri tata atoke nje."