Picha au mapicha: site ya ukumbusho ilivyofuta uso wa mke wangu

Jumatatu baada ya Pasaka nilipoteza picha pekee ya marehemu mke wangu.

Wakuu, salamu kutoka Bunia. Sina shule kubwa, ila nitaeleza kama ilivyokuwa, bila chumvi.

Watu wa Fataki tuliohamia huku tuna site ya kuwakumbuka marehemu wetu. Kila marehemu ana ukurasa. Aliitengeneza informaticien mmoja, fundi wa kompyuta mwenye diplome mbili, anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

Niliweka humo uso wa mke wangu. Anacheka, kashika kikapu cha maharagwe. Baadaye simu yangu ilikufa. Sikuhangaika, picha si iko kwenye site?

Jumatatu hiyo tulimaliza kujengea kaburi lake. Nikalipiga picha kwa simu ya shemeji, nikaiongeza kwenye ukurasa wake.

Uso ukatoweka. Likabaki kaburi.

Nikamfuata yule bwana.

"Muzee, si ni weye ulibadilisha?"

"Niliongeza. Sikubadilisha."

"Marehemu moja, picha moja. Niliandika singulier, kitu kimoja. Neno picha haina pluriel, Kiswahili yenu iko vile."

Yenu! Mama yake anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni kwa Kiswahili hicho hicho.

"Na mapicha ni nini?"

Akacheka. "Ile ni Kiswahili ya soko, muzee."

Nilivyoelewa mimi, framework yake, ile programu ya kujengea site, ina maneno mawili. Ukiandika resource, kitu ni kimoja, hakina namba. Yeye akapanga kipya kikalie cha zamani. Ukiandika resources, vitu ni vingi, kila kimoja na namba yake.

Tofauti ni herufi s. Diplome mbili hazikuiona.

Mkijengewa site, ulizeni mapema: kimoja au vingi? Na msiache kubaki na nakala kwa sababu ya miwani ya mtu.

Wajuzi wa humu, faili lililokaliwa hivi linaweza kurudi? Yeye anasema serveur, kompyuta inayotunza site, imelifuta. Simwamini, ndiyo maana nawauliza ninyi.

Jana alinipigia.

"Muzee, nimetia s. Sasa weka mapicha hata mia."

Mapicha. Kasema mwenyewe.

Nikafungua ukurasa wa mke wangu. Kaburi lipo pale pale. Limepewa namba 1.