Nukta Iliyokataa Kuhama

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha darubini kilimani karibu na Mpui, Mkuu wa Kituo alinipokea kwa swali.

"Bwana mdogo, umesoma wapi?"

"Madarasa ya jioni, Chanji. Kwa chemli, Mkuu."

"Basi giza halikutishi. Vua koti, ingia."

Vijana, baridi ya Ufipa enzi zile iligandisha shikamoo kabla haijamfikia mzee! Na koti lenyewe lilikuwa la sufu, la mtumba, nililolinunua sokoni Mazwi biashara ilipofunguliwa na marobota yakamwagika kila kona. Serikalini nilikuwa nimeshapunguzwa kazi. Koti na kituo kile ndivyo nilivyobaki navyo.

Kazi yetu ilikuwa kupiga picha wenza wa nyota zilizo jirani na Jua. Mwenza ni kitu hafifu kinachoizunguka nyota. Mwingine ni kama nyota iliyokosa uzito wa kuwaka. Mng'ao wa nyota humficha. Lori likikujia usiku, si unainua kiganja kuziba taa ili umwone anayetembea kando? Kiganja chetu kilikuwa kizibo: doa jeusi, dogo kuliko punje ya ulezi, katikati ya kioo ndani ya kamera ya darubini. Kila jioni nilikisafisha kioo hicho. Sheria ilikuwa moja tu: sufu haiingii chumba cha kamera, maana hupukutisha nyuzi.

Miaka miwili tuliambulia patupu. Wafadhili wakaandika: msimu ukiisha bila picha, kituo kinafungwa.

Wiki ya mwisho, Mkuu akapiga ukelele uliowakimbiza fisi wote wa Rukwa hadi Zambia. Kwenye kompyuta, kando ya kizibo, palikuwa na nukta.

"Tumempata! Asubuhi naenda mjini kupeleka faksi, dunia nzima ijue!"

Nilicheka naye, kisha kicheko kikanikauka. Jioni ile baridi ilinishinda. Nilisafisha kioo nikiwa na koti.

Kipimo tulikijua wote. Unaigeuza kamera robo mzunguko. Mwenza wa kweli yuko angani, kwa hiyo pichani atahamia upande mwingine wa kizibo. Uchafu uko ndani ya kamera; utabaki palepale.

"Tugeuze kamera, Mkuu."

"Wingu linakuja, nyota inazama, wewe unaniletea masomo ya jioni?"

"Niliingia na koti, Mkuu."

Akaigeuza kamera mwenyewe. Picha ilichukua dakika kumi. Mimi nilizeeka miaka kumi, nikijiona tayari niko Chanji sina kazi.

Nukta ilikuwa palepale.

Akafungua kamera, akakiinua kioo kwenye taa, akatoa kwa kibanio unyuzi mmoja wa sufu ya kijivu. Akalitazama koti langu.

"Kumbe hata nyota siku hizi zinakuja kwa marobota."

Hakunifukuza. Akanisogezea daftari la kituo. "Andika wewe."

Nikaandika: *Usiku huu hatukuona kitu.*

"Ongeza," akasema. "*Na tuna hakika.*"

Msimu ukaisha, kituo kikafungwa. Nilifanya kazi maabara za shule chini ya wakuu watatu, na hakuna aliyenifundisha kuzidi sentensi ile. Sasa nimestaafu. Redio ikitangaza kwamba ng'ambo wamepiga picha ya mwenza mwingine, nainuka kitini.

"Hivi waliigeuza kamera hawa?"

"Vaa koti, baba," mke wangu hunijibu. "Utaugua."