Pindo la Fundi

Fundi huyu wa nguo huongea akiwa na pini mdomoni, na wateja wamezoea kumwelewa kwa "mm" na "mm-mm". Tangu asubuhi amepiga magoti, anazunguka magauni ya watu. Magoti yenyewe yalishachoka kulalamika. Pini kazi yake kushikilia tu, ina kichwa ili isizame kitambaani. Sindano ina tundu na uzi, ndiyo inayomaliza kazi. Vidole vyake huzitofautisha hata macho yakisinzia.

"Jamani dada," mteja alisema akitazama chini, "mbona pindo lako wewe limebanwa pini?"

"Mm."

"Tangu lini?"

Alizitema pini kiganjani. "Tangu binti yangu aolewe."

"Si juzi uliniambia mjukuu anatambaa?"

"Nitalishona leo," akajibu, kama alivyosema jana, akaendelea kubana.

Mwishoni ikapungua pini moja. Alipapasa gauni lake mwenyewe, akachomoa ya mwisho iliyobaki, akaichomeka kwenye gauni la mteja. Pindo lake likamwangukia miguuni. Akalisogeza kwa goti.

"Haya, geuka nikuone."