Kofi Lililomnyoosha Kaka

Kaka yangu wanamwita Nyundo, na hilo si jina la kumpamba. Ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Gari likiletwa limekunjamana, damu imekaukia kwenye kiti, yeye hulivamia tangu asubuhi kama mtu anayelipiza kisasi. Mimi ni mdogo wake, mchanganyaji wa rangi katika gereji hiyohiyo. Yeye apige, mimi nipake. Ndiyo kazi tuliyorithi kwa baba.

Mkono wa baba nao tumeurithi. Nyundo amewahi kumng'oa mteja mbishi jino, amevunja mlango wa chumba chake mwenyewe, na binti yake wa pekee ana kovu juu ya jicho. Ukimwuliza, atakujibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Kisha atakuonyesha sikio lake la kushoto, lililokufa akiwa na miaka kumi na moja, na kukuhadithia kwa fahari.

"Baba aliniachia boneti niilinde, ndiyo kwanza amemaliza kuinyoosha. Nikazembea, ikabonyea. Alinitia kofi moja hapa, damu ikatoka. Tangu siku hiyo sijazembea tena. Kofi lile ndilo lililoninyoosha."

Nimeisikia hadithi hiyo mara mia, na kila mara nimeinamia mkebe nikaendelea kukoroga rangi yangu.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, mlango wa gari tuliokuwa tumemaliza kuupaka ulikutwa umekwaruzwa hadi kwenye bati. Binti wa kaka, mtoto wa miaka kumi na minne, ndiye aliyekuwa amepita hapo na baiskeli kuleta funguo za stoo. Nyundo hakuuliza. Alichomoa ukutani mkanda wa feni, ule mpira mnene wa injini, akamkamata mtoto kwa kola. Pigo la kwanza lilimwangusha. La pili lilimchania blauzi mgongoni. La tatu nililipokea mimi mkononi, maana nilikuwa nimeshajitupa katikati, na mkebe wa rangi nyekundu ukatumwagikia sote watatu.

"Toka! Nitakuua na wewe!"

"Niue basi! Ile boneti niliibonyeza mimi!"

Mkanda ulibaki juu. Akageuza kichwa, akaniletea sikio la kulia.

"Sema tena, upande huu."

Nikasema. Nilikuwa na miaka sita. Yeye alikuwa amekwenda kunywa maji, dakika moja tu. Boneti iliyotoka kunyooshwa, ukiikanyaga katikati, hubonyea ikalia pwa; ukishuka hurudi juu ikalia tena. Niliirukia kama kitanda, na mara ya mwisho haikurudi. Nikajificha nyuma ya matairi. Nikiwa huko nilimwona baba akimpiga, niliona damu ikimtoka sikioni, na nikanyamaza miaka thelathini na minne. Ulikuwa woga mtupu, hakuna kingine.

"Kwa hiyo mimi sikuzembea?"

"Hukuzembea, kaka."

"Nilipigwa bure."

"Bure kabisa."

Nilifikiri ataniua kweli, na nilistahili. Badala yake alichukua nyundo kubwa, akaugeukia ule mlango uliokwaruzwa. Aliupiga hadi kioo kikatapakaa, bawaba zikang'oka, vidole vyake vikachanika. Alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, akimtukana baba matusi nisiyoweza kuyaandika. Mafundi wa jirani walikimbilia barabarani.

Alipochoka alimrudia binti yake, aliyekuwa bado amekaa sakafuni. Mkanda ulikuwa chini kati yao. Akauokota. Mimi nikashika spana, na Mungu anajua ningempiga nayo.

"Niambie," akasema, huku akihema. Tangu awe baba hakuwahi kumwuliza kwanza. "Ni wewe uliyeukwaruza?"

Mtoto alinitazama, akautazama mkanda. Angedanganya, ningemtetea.

"Ndiyo, baba. Ni mimi. Pedali iligusa."

Akafumba macho, akajikunja, akasubiri.

Nyundo akautupa mkanda kwenye pipa la mafuta machafu. Akapiga magoti kwenye rangi.

"Fumbua macho, mwanangu."

Hakufumbua. Alimwambia mara ya pili, na ya tatu, na bado mabega ya mtoto yalikuwa yamepanda hadi masikioni, yakilingoja pigo.