Magunia Kumi na Moja ya Mavi ya Popo

Mwaka jana fundi alikuja kubadilisha mabati kwenye stoo ya duka langu. Alipong'oa ubao wa kwanza wa dari, ikashuka harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa karibu miaka hamsini, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikatoka mbio hadi barabarani, nikatapika mbele ya wateja.

"Ni popo tu, mama," fundi aliniambia huku akicheka.

Popo tu! Sikumlaumu. Yeye hajawahi kukaa nao nyumba moja.

Sisi tulikaa nao. Nilikuwa na miaka tisa, wanajeshi wakiitawala nchi, baba aliporithi nyumba ya mjomba wake huko Makindye, Kampala. Mjomba huyo alifariki bila kuacha mtoto, na nyumba ikabaki imefungwa miaka sita. Baba alikuwa fundi cherehani. Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba kimoja Namuwongo, kando ya reli: baba, mama, mimi Zuhura, wadogo zangu wawili wa kike, na Saidi aliyekuwa bado ananyonya. Baba alituambia tutahamia nyumba ya matofali, yenye vyumba vinne na baraza mbele. Hakutuambia ni nani waliokuwa wakikaa humo.

Siku ya kwanza mama alifungua mlango, akasimama kizingitini, akajifunika pua kwa ukingo wa mtandio wake. Kuta zilikuwa na michirizi ya kahawia kutoka juu hadi chini, kana kwamba mtu amemwaga chai iliyooza. Dari ilikuwa imelegea katikati kwa uzito, na kwenye nyufa zake kulikuwa kukidondoka vitu vyeusi, vidogo kama punje za mchele, tap, tap, juu ya sakafu. Nilidhani ni mbegu. Nikaokota moja, nikaifinya. Sitawaeleza zaidi.

Mama yangu, lazima mjue, alikuwa mtu wa kinyaa kupita kiasi. Hakuweza kunywa chai kwenye nyumba za watu mpaka akikague kikombe kwa jicho moja, na kanga iliyogusa chini haikuvaliwa tena mpaka ifuliwe. Mtu huyo ndiye aliyepanda ngazi, akatoboa dari kwa mpini wa jembe, na kumwagiwa kichwani mavi ya miaka sita.

Tulifanya kazi hiyo miezi miwili. Sabuni ilikuwa haipatikani madukani, hivyo tulisugua kuta kwa majivu na majani ya mpapai. Saruji nayo ilikuwa ndoto, kwa hiyo baba aliziba nyufa kwa udongo aliouchanganya na samadi ya ng'ombe. Tulijaza magunia kumi na moja, tukayapanga nyuma kwenye migomba yawe mbolea. Wiki ya tatu baba alipanda kwenye tangi la maji ya mvua, yale tuliyokuwa tukinywa kila siku, akakuta popo wanne ndani, chini kabisa, wamelainika kama ndizi zilizoiva mno. Wadogo zangu walilia. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikajaribu kuyatapika maji ya wiki zote tatu.

Lakini mwishowe nyumba ilipendeza. Baba alipata chokaa, akaipaka nje yote, nyeupe pe. Ukiwa barabarani chini ya kilima ungeiona. Mama aliosha baraza, akamweka Saidi juu ya mkeka, akakaa akimtazama anavyotambaa mahali safi. Jirani yetu Mama Nakato pekee ndiye ambaye hakufurahi. Alisimama uani na kutazama kuta.

"Mama Zuhura, nyumba yako sasa naonekana mbali mno," alisema kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Ile ya kule chini nachukuliwa na sajini mwezi jana. Mwenyewe hatujui iko wapi."

Siku tatu baadaye, Alhamisi mchana, gari la jeshi lilisimama mbele yetu. Akashuka ofisa mnene aliyevaa miwani ya jua. Hakusalimia. Alitazama madirisha, akiyahesabu kwa fimbo yake.

"Nyumba mzuri," akasema. "Nani nakaa hapa?"

"Sisi, afande," mama akajibu.

"Jumamosi mimi nakuja kuona ndani."

Jioni ile baba alikaa na kichwa mikononi. Mama ndiye aliyezungumza.

"Jumamosi utakwenda kwa dada yako na hawa wasichana wawili. Hapa mwanamume ndiye anayeondolewa kwanza."

"Na nyinyi?"

"Yarudishe magunia."

Baba hakumwelewa. "Mke wangu, tumeyatoa kwa miezi miwili."

"Basi tutayarudisha kwa siku moja."

Ijumaa nzima tulichafua nyumba yetu. Mama alichanganya mavi ya popo na maji, akayapaka kwa mikono kwenye kuta zile zile alizozisugua mpaka kucha zikang'oka. Alimwaga magunia mawili juu ya dari ili yadondoke. Alinunua kwa mchinjaji debe la maji ya utumbo, akaliweka ndani ya kabati la nguo. Nilimwambia simpendi. Aliendelea na kazi. Jumamosi asubuhi akanilaza kwenye mkeka sebuleni, akanipaka usoni na mikononi uji wa muhogo uliochanganywa na majivu, ukakauka na kupasuka kama vidonda. Nzi walikuja wenyewe.

Ofisa alifika na dereva wake. Dereva alitia kichwa ndani, akarudi nje. Ofisa aliingia. Alikuwa amejipulizia marashi mengi, matamu, na yalipochanganyika na harufu ya mle ndani ilikuwa mbaya kuliko popo peke yao.

"Nini hii nanuka?"

"Popo, afande. Wameingia mpaka ndani ya ukuta. Tunatoa, wanarudi."

"Na huyu iko na nini?"

"Vidonda, afande. Sasa na mdogo wake vimeanza kumtoka."

Aliziba pua kwa kitambaa, lakini hakutoka. Alikwenda chumbani. Kutoka kwenye mkeka nilimwona akiinua chandarua cha Saidi kwa ncha ya fimbo, kisha akipima ukuta kwa macho, kitanda chake kitakaa wapi. Alifungua kabati. Akakohoa, akarudi haraka sebuleni, akasimama karibu na kichwa changu, na yale marashi yakanishukia. Hapo sikuwa naigiza tena. Nilitapika juu ya viatu vyake.

Aliruka nyuma. Nilidhani atanipiga kwa fimbo. Mama alipiga magoti katikati yetu, akaanza kuvifuta viatu kwa ukingo wa mtandio wake.

"Nyinyi watu nakaa kama nguruwe!" ofisa akafoka.

"Ndiyo, afande."

"Mimi naachia nyinyi hii takataka."

"Asante, afande," mama akasema, bado kapiga magoti. "Asante sana kwa kutupatia nyumba. Mungu akuzidishie."

Gari lilipoondoka, mama alikwenda kwenye tangi. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwiko, lakini hakunawa mikono. Alisukutua mdomo. Alisukutua na kutema, akasukutua na kutema, mpaka nikachoka kumngoja aje anisafishe.

Hakurudi tena yule ofisa. Ndani tulisafisha polepole, lakini nje tuliacha kuta zichafuke, na chokaa haikuguswa mpaka wanajeshi wale walipoondoka madarakani.

Kwa miaka mingi hadithi hii nilikuwa nikiisimulia kwenye harusi zetu. Nilikuwa najua pa kusita ili watu wacheke: popo kwenye tangi, uji wa muhogo, viatu vya afande. Siku moja, mimi mwenyewe nikiwa na watoto watatu, nilimaliza kuisimulia na mama akiwa amekaa miongoni mwetu. Watu walipokwisha kucheka, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Huwa unaruka pale nilipomshukuru."

Nilitaka kusema nilisahau. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuona kuwa jambo hilo lina uzito wowote. Nilikuwa mtoto, nikadhani kitu kichafu kuliko vyote siku ile ni kile tulichokibeba kwenye magunia, na kwa kuwa mama alikishika bila kukunja uso, nikadhani kinyaa chake kimekwisha. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya nyumba ya mumewe, akamwombea dua mtu aliyekuja kuwanyang'anya wanawe mahali pa kulala, na akaitamka dua hiyo vizuri, kwa sauti tamu, ili aaminike.

Nilimwomba radhi mbele ya wageni. Alinipapasa mkono, akasema chakula kinapoa.