Kanda Aliyoichoma Baba

Watu wanaoniambia rege imekufa huwa nawauliza: nani kaiua? Hapa kwetu Upareni namjua muuaji mmoja, na kila nikimwona nampa shikamoo, kwa sababu ni baba yangu mzazi.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili kaka yangu aliteremka Same, akarudi na kanda ya midundo mitupu, haina mwimbaji. Wajamaika ndivyo wanavyofanya hadi leo: mdundo mmoja, waimbaji ishirini, kila mtu na maneno yake. Kaka akarekodi ya kwake juu ya mdundo mmoja, kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, kwenye redio ya jirani. Aliimba juu ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na mzee anayelifungua kabla ya zamu yake huku mahindi ya wajane yanakauka. Jina hakutaja.

Akaipiga kwenye msaragambo. Kijiji kizima tulikuwa ndani ya ndiva tunatoa tope, kazi ya wote, asiyekuja hana maji. Watu wakacheka, kisha mmoja mmoja wakageuka kumtazama baba, mzee wa kanisa. Nani alikuwa hajui?

Jioni ile baba aliitupa kanda mafigani. "Sitaki muziki wa bangi nyumbani kwangu," alisema. Bangi! Kaka hakuwahi kuvuta hata sigara. Mama alinyamaza, nami nikanyamaza, na hilo sijajisamehe. Kaka akashuka tambarare kukata mkonge. Hakuimba tena, na tulipomzika, nyimbo zote za mazishi alizichagua baba.

Dunia ikageuka. Kanda zikaisha, zikaja CD, zikaja flash, leo vijana wa stendi wanapakua kwenye simu. Rege ya kuhubiri ikarudi nyuma, ikatawala dancehall, ya haraka, ya viuno, yenye matusi ambayo mzee wa kanisa akitafsiriwa atazimia. Lakini ni Kijamaika, hakieleweki, basi ni halali! Wimbo uliosema kweli kwa lugha yetu ndio ulikuwa wa bangi. Unafiki huu unanichoma mpaka leo.

Mwezi uliopita, kwenye sendofu ya kumuaga binti yangu anayeolewa, pale Same, DJ aliweka dancehall mpya. Nilikuwa nawarekodi kwa simu wazee wakicheza, baba katikati na mkongojo wake. Ghafla nikautambua mdundo. Ulikuwa ule ule wa kanda ya kaka, umeongezwa kasi tu, maana huko kwao midundo ya zamani hufufuliwa kila mara.

Baba akasimama. Nikadhani amechoka. Akaanza kuimba taratibu, kwa Chasu, maneno ya kaka. Beti zote tatu, ambazo mimi nilikuwa nimeshazisahau, mpaka ule mstari wa mzee na maji ya wajane. Hakuuruka.

Nikamsogelea kwa hasira. Miaka yote hiyo alikuwa na wimbo huo kichwani, akatuacha tuamini umeteketea.

"Baba, kumbe unaujua?"

"Nitaachaje kuujua?" alisema. "Si niliimbiwa mimi?"

Nimeshika simu mara nyingi nikitaka kuifuta ile video. Siwezi. Ndiyo nakala pekee ya wimbo wa kaka yangu, na sauti iliyomo ni ya aliyeichoma kanda.