Ndiga za Mavyaa

Niliolewa Likoni nikitokea mjini, ng'ambo ya pili ya maji. Baba yangu alikuwa na duka la nguo, na kwetu mboga tulizijua zikishafika jikoni, zimefungwa mafungu. Mume wangu alikuwa Mdigo, mpaka rangi wa meli bandarini, na nyumba aliyonipeleka ilikuwa ya makuti, upande wa kwendea Mtongwe. Mama yake aliishi nasi. Mama yangu mzazi alinung'unika siku za mwanzo, akisema amenizaa ndani ya nyumba ya mawe na sasa naolewa vichakani, lakini baba alimnyamazisha na harusi ikapita.

Mavyaa wangu ndiye aliyenifundisha kula vya porini. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mkimya, meno yamekolea wekundu wa tambuu. Wakati wa mvua tulichuma mchunga na mnavu kando ya njia, naye alinionyesha ni jani lipi huchumwa changa na lipi huachwa. Kiangazi kilipoingia na majani yakakauka, alinipeleka ndani zaidi kutafuta matunda ya mwitu, mabungo na kunazi. Nilipenda matembezi yale kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Mama yangu alipokuja kutuzuru nilificha kapu, nikapika wali.

Miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru kulikuwa na mwaka ambao vuli ilipita kavu. Kaskazi ikaingia na jua la kupasua vichwa, muhogo shambani ukawa nyuzi tupu, na mume wangu akawa anakwenda bandarini asubuhi na mara nyingi kurudi kabla ya adhuhuri, mikono safi, hakuchaguliwa kwa kazi ya siku. Hapo ndipo mavyaa alipochukua muo wake, ule mti mgumu wenye ncha wa kuchimbia, akaniambia, "Leo twafuata ndiga."

Ndiga ni kiazi cha mwituni. Ukikila kama unavyokula kiazi kingine chochote, kinakuua. Nilikuwa nimesikia hivyo tangu utotoni na nikamwambia.

"Kinamuua asiyekijua," alisema. "Mimi nimelelewa nacho. Njaa iliyotukuta tukiwa wadogo, mama yetu alitulisha hicho miezi na miezi, na sote tuko hai."

Kiangazi ndiga haina jani. Kinachobaki ni mtambaa uliokauka, mwembamba kama uzi, umejizungusha juu ya kichaka. Mavyaa aliushika kwa vidole viwili akaufuata taratibu hadi unapozama ardhini, kisha akapiga magoti na kuchimba. Mimi nilifuta udongo na kutia viazi kapuni. Nyumbani tulijipaka mafuta ya nazi mikononi kwa sababu utomvu wake unawasha, tukamenya, tukakata vipande vyembamba, tukavitia ndani ya pakacha. Pakacha tulilifunga kwenye mizizi ya mikoko kule chini kwenye mkono wa bahari, mahali ambapo maji yanajaa na kutoka, yaoshe sumu yenyewe. Mavyaa alishuka kila siku kuvigeuza.

Siku aliyoona vimetosha, alivileta, akachemsha vipande vichache, akachukua kimoja na kukiweka kwenye ncha ya ulimi. Alikaa nacho hivyo, macho amefumba. Nilikuwa nimesimama mlangoni namtazama. Kisha akakitafuna, akangoja tena.

"Hakiwashi," alisema. "Kimekuwa chakula."

Hivyo ndivyo walivyofanya watu wake tangu zamani. Ulimi ndio ulioamua. Ukiwasha hata kidogo, vinarudi majini.

Tulikula mara ya kwanza kwa tui na chumvi, na wallahi vilikuwa vitamu. Tulikula mara ya pili, ya tatu. Mume wangu alimsifu mama yake mbele ya jirani zetu. Mimi nikajiona nimeingia nyumba yenye akili.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililoliona nami nikanyamaza. Kwa muda wa mwaka mzima mchuzi wa mavyaa ulikuwa umezidi chumvi. Akitia pilipili, mume wangu alitokwa machozi huku yeye mwenyewe akila kama hakuna kitu. Miaka ya tambuu, chokaa na tumbaku ilikuwa imeuchoma mdomo wake ukafa ganzi. Nililijua hilo. Mkaza mwana hamwambii mavyaa wake kwamba chakula chake kina chumvi nyingi. Nilikunywa maji na kushukuru. Kuliunganisha jambo hilo na ndiga hakukunijia akilini hata siku moja.

Mara ya nne, bahari ilikuwa na maji mafu. Yalijaa kidogo, yakatoka kidogo, na pakacha lilikaa nusu yake nje. Mavyaa alionja kama kawaida yake. Akasema hakiwashi. Mimi nilichukua debe nikaenda kisimani, nikawaacha yeye na binti yangu wamekaa juu ya mkeka na sahani tupu katikati yao, wakingoja chungu kiive. Binti yangu alikuwa na umri wa miaka minne, na bibi yake ndiye aliyekuwa akimlisha kwa mkono wake tangu aanze kula.

Kisimani foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nilimkuta mtoto analia.

"Mdomo wachoma, bibi," alikuwa akisema.

"Ni moto wa chungu," mavyaa alimjibu kwa upole, huku akipuliza tonge. "Haya, nimekupulizia. Kula."

Mtoto akala. Niliyaona haya kwa macho yangu, debe likiwa bado kichwani, nami nikawaza vivyo hivyo, kwamba ni moto wa chungu.

Sijamaliza hata kumimina maji mtungini, nikasikia anatapika. Akatapika tena, mate yakimchuruzika hawezi kuyameza, na nilipomwinua kichwa kikaanguka nyuma kama cha mtoto mchanga. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunitazama. Mavyaa alikiinua kipande kimoja kutoka kwenye sahani, akakitafuna haraka haraka, akatema, akakichukua kingine. "Sikisikii," alisema. "Mwanangu, sikisikii kitu! Hebu onja wewe."

Nilikigusisha ulimi. Kiliniuma kama nimelamba kaa la moto.

Nilimfunga mtoto mgongoni kwa leso nikakimbia kwenda kivukoni. Ilikuwa adhuhuri na njia imejaa jua. Mavyaa alinifuata nyuma, mtu mzima, miguu mitupu, naye pia sumu imeanza kumshika, maana alikuwa amekula. Juu ya feri alijiinamia kwenye kingo akatapika, na watu wakamwachia nafasi wakidhani ni mgonjwa wa bahari. Mzee mmoja alimwuliza kama yuko na mtu. Aliniashiria kwa mkono. Nilikuwa nimesimama upande wa mbele, nimeuelekeza uso wangu mjini, na sikugeuka.

Hospitalini walimwosha mtoto tumbo. Muuguzi aliniambia nikae nje, nami nikakaa ubaoni, na mavyaa akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa akitetemeka. Alikataa kutibiwa na mtu yeyote. Alisema, "Mtibuni mtoto. Mimi niacheni." Mwisho mume wangu alifika kutoka bandarini akambeba kwa nguvu kumpeleka kwa daktari.

Mtoto alilala usingizi mzito mpaka kesho yake, kisha akafumbua macho akaomba maji. Alhamdulillahi. Nilipotoka kuwapa habari mume wangu na mama yake, nilimkuta mama yangu amefika, buibui limemteleza mabegani kwa haraka, anasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Mizizi ya porini! Mjukuu wangu analishwa mizizi ya porini! Mtoto akitoka hapa namchukua mimi."

Mavyaa, akiwa ameshatibiwa, alikuwa amerudi pale pale sakafuni, hatua chache kutoka kwetu. Aliinua kichwa akanitazama. Alikuwa akingoja neno langu, naamini hivyo mpaka leo. Ningeweza kusema hata nusu neno. Ningeweza kusema kwamba mimi pia nilikuwapo, kwamba mimi pia nilisikia mtoto akilalamika. Nilisema, "Sawa, mama. Mchukue kwa sasa."

Tulirudi Likoni bila mtoto.

Siku ile ile mavyaa alishuka hadi kwenye mikoko akakata kamba ya pakacha, na muo wake akautupa majini. Kijaluba chake cha tambuu alikipa jirani. Akaacha kupika. Nikiweka chakula alikula alichopewa bila kusema neno, na akishamaliza aliosha sahani yake mwenyewe, mbali na vyombo vyetu, kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Nilimwambia aache. Aliitika "ndiyo, mwanangu" na kesho yake akafanya vile vile.

"Mwambie neno," mume wangu aliniomba. "Mimi nimesema hadi nimechoka. Anasema aliyemzaa yule mtoto ni wewe, si mimi."

"Nimwambie neno gani?"

"Kwamba umemsamehe."

Nilijibu nitamwambia. Nilipokaa naye nikaona kwamba ili niseme hivyo kwa haki, itanibidi niseme na habari ya chumvi, kwamba nilijua ulimi wake umekufa nami nikaona ni adabu kunyamaza. Basi nikazungumza naye habari za kuni na maji.

Mtoto alikaa mjini hadi akakonda kwa kutulilia, ndipo mama yangu akamrudisha. Mvua zilikuwa zimeanza, na mwaka ule hazikujua kusimama; zile zile zilizotunyima mwaka uliopita zilikuja zikavunja njia na kuozesha muhogo ardhini. Mchunga uliota hadi mlangoni. Nilichuma peke yangu. Mtoto akikaa kula, bibi yake aliondoka kimya kimya akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka sahani iwe tupu. Mtoto alimfuata na tonge mkononi akitaka alishwe kama zamani, na yeye alifumbata mikono yake kifuani.

Kaskazi iliporudi hatukuwa na muhogo wa kuvuna. Asubuhi moja mavyaa alikuja jikoni, amejifunga leso kiunoni. Alikuwa amemwomba mwanawe amchongee muo mwingine, nami sikujua.

"Nataka twende," alisema. "Lakini nina sharti. Ulimi utakuwa wako."

Niliogopa. Nilimwambia mimi siwezi, mimi ni mtu wa mjini, sijui kuwasha kwake kunaanzia wapi.

"Unajua. Siku ile ulijua mara moja."

"Mama," nilimwambia, na hapo ndipo yaliponitoka, "mimi nilijua tangu zamani. Mchuzi wako ulikuwa chumvi tupu. Nilijua mdomo wako hausikii, na sikukwambia."

Alikaa juu ya kibao cha mbuzi akasukuma majivu kati ya mafiga.

"Ulinistahi," alisema.

"Nilikustahi vibaya."

"Na mimi nilimsikia mtoto akisema mdomo unamchoma, nikampulizia." Akainuka. "Chukua kapu."

Tulichimba, tukamenya, tukalowesha. Siku ya kuonja nilikiweka kipande kwenye ncha ya ulimi kama nilivyomwona akifanya, na kabla sijafumba macho kilinichoma nikatema. Vikarudi majini. Siku kadhaa baadaye nilionja tena. Safari hii kulikuwa na mwasho mdogo sana, mbali, kama wa nanasi. Nilitaka kusema vimetosha. Nilichoka na nilikuwa na njaa. Yeye alikuwa akiutazama uso wangu bila kupepesa.

"Bado," nilisema.

"Virudi," alisema yeye.

Vilipokuwa tayari hatukumpa mtu. Mtoto tulimpeleka kwa jirani, mume wangu yuko kazini. Tulikula sisi wawili, kidogo kidogo, kisha tukakaa ukumbini tukitazamana, kila mmoja akingoja kuona mwenziwe atafanya nini. Jua lilihama kutoka mlangoni hadi ukutani. Mara kwa mara aliniuliza, "Wasikia kitu?" nami nikamwuliza yeye. Adhana ya alasiri ilipotoka tukaswali. Jioni mume wangu alipoingia alitukuta bado tumekaa, akauliza kulikoni, na mavyaa akamwambia, "Nawa mikono, kuna chakula."

Mtoto hakupewa. Wala mavyaa hakurudi kumlisha kwa mkono wake, si siku ile wala baadaye, ingawa alianza kukaa naye wakati wa kula. Aliishi hadi baada ya Uhuru. Kila Idi, watu wakishatoka kuswali na kuanza kupeana mikono na kuombana radhi, alikuwa akimwita binti yangu, anamkalisha mbele yake juu ya mkeka na kumwambia, "Mjukuu wangu, nisamehe."

Binti yangu hakumbuki kitu chochote cha siku ile. Aliona ni mchezo wa Idi kati yake na bibi yake. Alikuwa akijinyoosha katika nguo yake mpya, anafanya uso wa hakimu, anamwacha bibi angoje kidogo, kisha anasema kwa sauti kubwa, "Nimekusamehe!" na kucheka na kukimbia kwenda kudai pipi. Mavyaa naye alicheka. Nilikuwa nikiwatazama kutoka jikoni, na kila mwaka niliwaza nimwite yule mtoto nimweleze anasamehe nini, na kila mwaka niliuacha mchezo uendelee.